Mbwa Si Jaa la Taka

Najua wengi wenu mkifika ukurasa huu mtatamani kupita haraka mwende kwenye mashairi na vitendawili. Hata mhariri wetu aliponiuliza mwaka huu nitaandika juu ya nini, nikamwambia juu ya chakula cha mbwa, alicheka hadi akashika mbavu. "Wenzako wanaandika juu ya ufisadi na ukabila, wewe unatuletea habari za choo cha mbwa?" Nikamjibu ndiyo, na choo chenyewe nitakitaja bila haya, kwa sababu ni choo kilichotaka kumwua Simba wetu. Na aliyekaribia kummaliza kabisa si mwingine ila mimi mwenyewe.

Maoni yangu ni haya, niyaseme mapema kabla hujafunua ukurasa: hapa kwetu Kinanie tunawalisha mbwa kana kwamba tumbo la mbwa ni jaa la taka. Kila kinachotushinda kula tunakitupa humo. Ugali wa jana, ukoko, mifupa, maganda, maji ya kuoshea sufuria. Halafu tunashangaa mbwa akihara leo na kesho afunge choo. Nyuzinyuzi, yaani zile sehemu za mimea ambazo mwalimu wa Biolojia hutuambia husaidia choo kupita, mbwa wetu ama hazipati kabisa ama hupewa kwa fujo. Yote mawili ni mabaya. Nayajua kwa sababu nimeyafanya yote mawili.

Simba si mbwa wa kizungu. Ni mbwa wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limekatika, hajui kutoa mkono wala kuokota mpira. Lakini zizi letu lina mbuzi kumi na wanne na usiku fisi hulia si mbali. Ninyi mnaosoma shule za kutwa kama mimi mnajua mambo yalivyo. Karo serikali inalipa, lakini pesa za chakula cha mchana, sare, viatu na vitabu vya ziada haziji na upepo. Kwetu sisi zinatoka kwa mbuzi. Mbuzi wanalindwa na Simba. Kwa hivyo Simba akilala mgonjwa wiki moja, mimi ninaweza kukaa nyumbani muhula mmoja. Hiyo si hadithi ya kuongezea chumvi, ni hesabu ya nyumbani kwetu.

Likizo ya Agosti jirani yetu alifanya harusi. Watu walikula, wakanywa, wakacheza ngoma hadi usiku wa manane. Siku ya pili mama akanituma kule nikasaidie kuosha vyombo, na ujira wangu ukawa ndoo ya mifupa. Nilifurahi kweli! Nikasema leo Simba atajua kwamba kuna sikukuu. Akaitafuna mifupa ile siku mbili mfululizo, mifupa iliyochemshwa ikawa mikavu na kuvunjika vipande vyenye ncha.

Siku ya tatu nikamwona nyuma ya choo amejikunja kama upinde, anajikaza, anatetemeka miguu, na hakuna kinachotoka. Mwishowe kikatoka kitu kidogo cheupe, kikavu, kinachopukutika kama chaki ya ubaoni. Akalia. Sijawahi kusikia mbwa akilia vile bila kupigwa. Kesho yake hata hicho cheupe hakikutoka.

Mjomba, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, alimtazama mara moja tu akasema, "Huyo mmalizeni na rungu, mtafute mtoto mwingine. Mbwa ni wengi, mbuzi ndio wachache." Mzee jirani naye akasema huyo amelishwa sumu na wezi. Baba alinyamaza. Mimi nikajiona ndiye msomi wa boma. Si nilikuwa nimesoma nyuzinyuzi darasani? Nikakimbia hadi kwenye kinu cha kusaga mahindi, nikaomba wishwa, nikapewa kasuku nzima bure. Nikachanganya na mafuta kidogo ya kupikia na maji kiduchu ili yasimwagike, nikamwekea. Kwa njaa aliyokuwa nayo, alikula yote.

Haraka haraka haina baraka. Asubuhi tumbo la Simba lilikuwa limejaa kama ngoma na alikuwa anatapika. Hapo baba akatoa simu akampigia daktari wa mifugo, yule wa duka la dawa za mifugo, akaja kwa pikipiki. Akampapasa tumbo, akauliza amekula nini, nikamweleza kwa fahari kidogo habari ya wishwa. Akanitazama kwa muda. "Kijana, hapa ndani kulikuwa na kokoto. Wewe ukaja ukamwaga saruji."

Akaeleza huku anafanya kazi. Mifupa ilikuwa imesagika ikawa unga mgumu wa chokaa ndani ya utumbo mpana. Wishwa kavu ni kama sponji, inapofika mahali inafyonza maji yaliyopo. Pakiwa na maji ya kutosha na njia iko wazi, hapo inavimba, choo kinakuwa laini, kinasukumwa, kinatoka. Pasipokuwa na maji, na njia imeshazibwa, inafyonza hata yale maji machache yaliyobaki na kuzidisha kizibo. Alimtilia Simba maji ya chumvi kwenye mshipa, akamwingizia maji ya uvuguvugu kwa mpira kupitia nyuma, akasubiri, akarudia tena. Ilichukua karibu asubuhi nzima. Sitaandika kilichotoka, mhariri ameniomba. Malipo yake yalikuwa mbuzi mmoja, yule mweusi mwenye kidevu cheupe. Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa maswali. Kuuliza si ujinga. Nimemwuliza yule daktari, nimemsumbua mwalimu wa Biolojia hadi amenikimbia, na nimesoma nilichopata. Na nimegundua kwamba watu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yananikera.

Kundi la kwanza ni la mjomba. Wao husema mbwa ni mla nyama, mambo ya majani na makapi ni ya ng'ombe. Kwa kiasi fulani wana haki. Ng'ombe ana lile tumbo kubwa la kwanza lenye viumbe vidogo vinavyochachusha nyasi mchana kutwa, ndiyo maana anaweza kuishi kwa mabua. Mbwa hana tumbo hilo. Utumbo wake ni mfupi na chakula hakikai humo muda mrefu. Tena wataalamu wa lishe hawajaweka kiwango ambacho mbwa asipopata cha nyuzinyuzi atakufa, kama walivyoweka kwa protini au madini. Lakini mjomba anasahau kwamba mbwa wa leo si yule babu yake wa porini. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa wa nyumbani na za mbwa mwitu wa nchi za baridi (si hawa wetu wenye madoadoa na masikio kama sahani, hao ni ukoo mwingine). Waliona kwamba jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, iitwayo AMY2B, mbwa mwitu anazo nakala mbili tu, lakini mbwa wa nyumbani wana kuanzia nne hadi thelathini. Yaani kwa maelfu ya miaka ya kukaa karibu na jiko la binadamu, tumbo la mbwa limejifunza kula wanga wetu. Mbwa wa Kinanie anakula ugali siku saba kwa wiki. Kumwambia huyo ni simba wa mbugani ni kumdanganya, hata kama jina lake ni Simba.

Na hata huyo mnyama wa porini, akikamata windo lake anakula na manyoya, ngozi na kano. Vitu hivyo haviyeyuki vyote, vinapita utumboni vikifanya kazi inayofanana na ya nyuzinyuzi. Mbwa wetu tunampa ugali wa unga uliokobolewa ukawa mweupe kama pamba, tunampa na mfupa uliokwisha kuchunwa nyama. Hana manyoya, hana wishwa. Choo chake kitasukumwa na nini?

Kundi la pili ndilo lilikuwa langu. Hawa wakisikia nyuzinyuzi ni nzuri, basi wanadhani zikizidi ndivyo zitazidi kuwa nzuri. Hawa ni hatari kuliko mjomba kwa sababu wana elimu nusu.

Hapa nataka nikueleze jambo ambalo lilinishangaza. Zipo nyuzinyuzi za namna mbili, na kazi zake si moja. Za kwanza ni zile ngumu zisizoyeyuka majini, kama wishwa ya mahindi na ya ngano. Hizi zinajaza choo, zinakipa umbo na kukisukuma. Za pili huyeyuka au huvuta maji zikawa laini na zenye utelezi. Mfikirie ule utelezi wa mrenda au bamia, au namna boga lililochemshwa linavyoshika maji. Hizi zinalainisha choo kigumu, na ajabu ni kwamba zinaweza pia kukishikanisha choo chepesi cha mbwa anayehara, kwa sababu zinayashika yale maji ya ziada. Dawa moja kwa magonjwa mawili yanayopingana! Nilipomwuliza daktari kama ananitania, aliniambia hata yeye alipokuwa mwanafunzi alidhani anataniwa.

Lakini kazi kubwa ya hizi za pili haionekani kwa macho. Mbwa mwenyewe hawezi kuziyeyusha, kwa hivyo zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima. Huko zinawakuta bakteria wengi kupita kiasi, na bakteria hao wanazila na kuzichachusha. Wakila wanatoa asidi fulani za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti. Butireti hiyo ndiyo chakula kinachotegemewa na seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi zenyewe nazo zinafanya mahali pale pasiwe pazuri kwa baadhi ya vijidudu vya maradhi. Kwa hivyo ukimpa mbwa boga hulishi mbwa peke yake. Unawalisha wapangaji wake, nao wanalipa kodi kwa kumtengenezea nyumba. Ukiwapa wapangaji hao chakula kingi kwa ghafla wanafanya karamu, gesi inajaa na mbwa anahara. Ndiyo maana mabadiliko ya chakula hufanywa polepole, wiki nzima hivi, leo kijiko kesho kijiko na nusu.

Kuna faida nyingine ndogo ambayo nitaitaja kwa sababu naona watu wakidanganyika. Ukimwona mbwa anajiburura chini kwa makalio, kila mtu atakwambia ana minyoo. Huenda ana minyoo kweli, apewe dawa. Lakini mbwa ana vifuko viwili karibu na njia ya haja, ambavyo hujifinya na kutoa maji yenye harufu mbaya kila choo chenye umbo zuri kinapopita. Choo kikiwa uji kila siku, vifuko havifinywi vizuri, vinajaa na kumwasha.

Msinielewe vibaya, wala sitaki mseme nimetoa habari hizi Ulaya. Yule mtu aliyeifanya dunia izungumze juu ya nyuzinyuzi alijifunza mambo hayo huku kwetu Afrika Mashariki. Ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, kwanza Lira halafu Hospitali ya Mulago kule Kampala. Aliona kwamba watu wa vijijini waliokula chakula kisichokobolewa walikuwa na choo kikubwa na laini, na magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa nadra kwao. Baadaye yeye na wenzake walipima uzito wa choo cha watu na muda chakula kinaochukua kupita mwilini. Ndiyo, walipima choo! Mwaka 1979 akatoa kitabu cha kuwasihi Wazungu wasisahau nyuzinyuzi. Kwa hivyo wanaonicheka darasani kwa kuandika makala haya wajue kwamba kuna mtu aliyepata heshima ya dunia kwa somo hilihili. Kinachoniuma ni kwamba babu zetu ndio waliomfundisha, na sisi wajukuu tumekimbilia unga mweupe, na tumewaburura mbwa wetu pamoja nasi.

Lakini ninarudi kwenye onyo, maana binadamu si mbwa. Burkitt aliwapima watu. Kiasi kinachomfaa mtu si lazima kimfae mnyama wa kilo kumi na tano mwenye utumbo mfupi. Nyuzinyuzi zikizidi kwa mbwa, chakula kinapita kabla hakijafyonzwa, anakonda huku anakula. Tena wishwa ina kitu kinachoitwa faiteti ambacho hushika madini kama zinki yasiingie mwilini, na mbwa akikosa zinki ngozi yake inaharibika. Mbwa anayelishwa nafaka tupu na wishwa juu yake, bila nyama wala dagaa, utamwona ana magamba usoni. Hapo utasema amelogwa.

Sasa nifike kwenye jambo zito kabisa, na hapa naomba usiruke mstari. Sisi watu wa Ukambani tunakula muthokoi. Mahindi yanakobolewa, ganda linaondolewa, na wishwa inabaki. Wishwa hiyo huwa inatupwa kwa kuku na mbwa. Mwaka 2004 ugonjwa wa aflatoksini, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, ulipiga mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, na Machakos yetu pia. Wagonjwa waliojulikana walikuwa 317, na kati yao 125 wakafa. Watu wazima wa hapa wanaukumbuka vizuri. Sasa fahamu hili: mahindi yenye sumu yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye ganda na kiini, siyo kwenye ule moyo mweupe. Maana yake ni kwamba mwenye kula muthokoi amejiepusha na sehemu ya sumu, na yule anayepewa makapi amepewa sumu iliyokusanywa. Kuchemsha hakuiondoi. Nayo aflatoksini huharibu ini la mbwa vibaya sana. Nilipoelezwa hayo, nilikumbuka ile kasuku niliyopewa bure kinuni. Sikuwa nimeuliza imekaa pale siku ngapi, wala sikuinusa.

Kwa hivyo mimi sisemi mpeni mbwa wishwa. Nasema kama ni wishwa, iwe ya mahindi makavu, safi, ambayo wewe mwenyewe ungeyala, iwe konzi moja ndani ya chakula kizima, na maji yawepo tele. La sivyo, iache. Ziko njia bora. Boga, kwa mfano. Msimu wa mvua maboga yanaoza mashambani na watu wanayapiga teke. Lichemshwe bila chumvi, kijiko kimoja au viwili kwa mbwa wa kadiri kinatosha. Viazi vitamu vilivyochemshwa vinafaa. Karoti inafaa. Ugali wenyewe ukiwa wa unga wa kinu usiokobolewa una nyuzinyuzi kuliko ule wa pakiti, na mara nyingi ni wa bei nafuu pia. Sukuma wiki iliyochemshwa na kukatwakatwa haina neno ikiwa kidogo.

Nimesema iliyochemshwa. Sukuma wiki ya kukaangwa iliyobaki mezani ni hatari ambayo mama zetu hawaijui. Si kwa sababu ya sukuma wiki, ni kwa sababu ya kitunguu. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kiwe kibichi au kimepikwa. Nilipomwambia mama hivyo alishika kiuno akaniuliza, "Sasa mimi nipike mboga mbili, ya watu na ya mbwa?" Nikamwambia hapana mama, nitolee majani matatu kabla hujaweka kitunguu. Akaona si kazi kubwa. Sasa ananitolea bila kuambiwa.

Na magunzi ya mahindi! Watu wanadhani gunzi ni nyuzinyuzi za bure. Mbwa huvutiwa na ile harufu ya mahindi ya kuchoma, analimeza vipande vipande, na gunzi haliyeyuki. Linakwama kwenye utumbo mwembamba, na hapo hata yale maji ya mpira hayasaidii, dawa ni kisu. Nani kati yetu hapa Kinanie atalipia mbwa upasuaji? Kokwa ya embe ni vilevile.

Wengine wataniambia, nunua chakula cha mbwa cha dukani, kina kila kitu. Ni kweli kwamba watengenezaji huweka nyuzinyuzi kwa kipimo. Hata yule James Spratt, Mmarekani aliyeanza kuuza biskuti za mbwa mjini London katika miaka ya 1860, tayari alichanganya ngano, mboga na nyama. Nilikwenda dukani nikasoma karatasi ya mfuko. Imeandikwa nyuzinyuzi ghafi zisizidi asilimia kadhaa, mingi huwa haivuki tano. Lakini hiyo hesabu nayo ina kasoro. Kipimo hicho kilibuniwa Weende huko Ujerumani karne ya kumi na tisa. Unachemsha chakula kwenye asidi, halafu kwenye alkali, unachoma kilichobaki, unatoa majivu. Sisi wa Kidato cha Tatu tunaweza kukielewa kutoka somo la Kemia. Kasoro yake ni kwamba zile nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka, ambazo ndizo chakula cha bakteria, nyingi hupotelea majini wakati wa kuchemsha na hazihesabiwi. Kwa hivyo mifuko miwili inaweza kuwa na namba moja na tumboni ifanye kazi tofauti. Wakati nilikuwa nasoma hayo yote mama alikuwa anasoma bei. Alicheka peke yake, tukatoka.

Sitaki kulaumu wazazi. Watoto ndio tunaopeleka bakuli kwa mbwa, basi sisi ndio wenye makosa. Serikali nayo nina neno nayo kidogo. Machakos ni mojawapo ya kaunti zilizochaguliwa kuanzia mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa, mpango ulioanza 2014 na unaolenga 2030. Hilo ni jambo jema na kila mbwa adungwe sindano. Lakini siku ya sindano mbwa wote wa kijiji wanakuwa uwanjani pamoja na watoto waliowaleta kwa kamba. Ingekuwa vigumu kiasi gani mtu mmoja asimame dakika tano awaambie watoto wale habari za mifupa iliyopikwa, kitunguu, magunzi na mahindi yenye ukungu? Hatuhitaji semina wala chai. Wanachama wa chama chetu cha Kiswahili wanaweza kuifanya kazi hiyo, tena kwa lugha inayoeleweka. Nimeshamwomba mwalimu mlezi, amesema atafikiria. Mimi nitamkumbusha.

Mjomba alirudi mwezi wa Oktoba. Alimkuta Simba amenenepa kidogo, manyoya yanang'aa. Hakusema kitu, ila alipokuwa anaondoka aliniuliza kando, kwa sauti ya chini, kile kiboga ninamwekea kiasi gani, kwa sababu mbwa wake mwenyewe anajiburura.

Siku hizi kabla sijaondoka kwenda shule, saa kumi na mbili kasoro, nazunguka nyuma ya choo na tochi. Nina daftari kuukuu ambamo naandika: tarehe, alikula nini, choo kilikuwaje. Wenzangu wamenipa jina la Daktari wa Choo na nimelikubali. Leo asubuhi kilikuwa na umbo zuri ila kigumu kidogo. Jana tulikosa maji bombani na bakuli lake lilikuwa kavu tangu saa nane. Nimemjazia kutoka mtungi wa kunywa kabla ya kutoka, na nimemwachia mama ujumbe mlangoni kwamba yale maji ya mbwa asiyamwagie kuku.